Mazoea ya afya wakati wa ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mjamzito mwenyewe, na pia kwa mume, mama mzazi, mama mkwe, mwajiri na mhudumu wa afya. Kuna jambo linalojirudia karibu katika kila jibu: mwanamke kujua lililo jema kwa mimba yake hakutoshi. Atakalolifanya hutegemea pia mwili wake umeamkaje, mkononi ana nini, nyumbani neno la mwisho ni la nani, na kliniki walimpokeaje mara ya mwisho.

Tukisema mazoea ya afya, tunamaanisha yapi?

Kuanza kliniki mapema na kutoikatisha. Kula mlo mchanganyiko, kumeza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kupata chanjo zinazoelekezwa, kuacha sigara na pombe, kutojinunulia dawa kiholela, kuusogeza mwili, kupumzika, na kukimbilia huduma mara dalili ya hatari inapoonekana. Kuhusu kliniki, Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mwongozo uliotangulia ulitaja mara 4.

Mbona anajua sigara inamdhuru mtoto na bado anavuta?

Kwa sababu kujua hakukati kiu ya nikotini. Isitoshe, mwili wa mjamzito huivunja nikotini haraka kuliko kawaida, hivyo hamu ya sigara inaweza kurudi upesi zaidi kuliko kabla ya mimba. Hili wengi hawalijui. Wanamwona anayevuta kuwa mtu asiyejali, kumbe anapambana na uraibu uliozidi makali. Hapo hatujamhesabu mume anayewasha sigara sebuleni, wenzake wa kazini wanaotoka kuvuta kila mapumziko, na msongo ambao hajajifunza njia nyingine ya kuutuliza.

Hatari zenyewe ni za kweli: mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Lakini kumsomea orodha hiyo kila anapokuja kliniki hakumpi nguvu ya kuacha. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Susan Michie na wenzake wa Uingereza walipendekeza namna nyepesi ya kuichunguza tabia yoyote: mtu ana uwezo wa kufanya jambo hilo? Ana nafasi? Ana ari? Sisi hukazania ari peke yake, tukasahau mawili yaliyobaki.

Mfano mzuri ulitoka Glasgow, Uskoti, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015. Wajawazito 612 waliokuwa wakivuta sigara walipewa huduma ya kawaida ya kuwasaidia kuacha, na nusu yao wakaahidiwa pia vocha za manunuzi za hadi pauni 400 kadiri wanavyofaulu. Ujauzito ulipokaribia mwisho, asilimia 22.5 ya walioahidiwa vocha walikuwa wameacha, huku wenzao wakiwa asilimia 8.6. Wapo wanaochukizwa na wazo la kumlipa mtu ili aache sigara. Mimi naona vocha ile ilimpa mwanamke sababu ya karibu, ya wiki hii, pale ambapo sababu ya mbali ilikuwa imeshindwa kumshikilia. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu ya waliopewa vocha hawakuweza kuacha. Huo ndio uzito wa uraibu, na ndiyo sababu kumsuta mvutaji ni kosa: akisutwa ataendelea kuvuta, ila ataanza kuficha, na anayeficha hasaidiki.

Kwa nini wengine huanza kliniki miezi imekwenda?

Sababu ni nyingi na nyingi zina mantiki ukizisikiliza. Yuko ambaye hakujua kwamba ni mjamzito. Yuko aliyekwisha poteza mimba, na anaogopa kuitangaza hii kabla haijatulia. Msichana anaificha kwa wazazi. Mwingine anaogopa kipimo cha VVU, au anaogopa kuulizwa baba wa mtoto yuko wapi. Wengine hawana nauli, wanakatwa mshahara wakikosa kazini, au wanangoja ruhusa ya mtu.

Mimba isiyopangwa inachangia sana. Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa (UNFPA) lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya mimba zote duniani hazikukusudiwa, yaani takriban milioni 121 kila mwaka. Mwanamke ambaye bado anajiuliza ataipokeaje habari hii hawezi kuwa wakati huohuo anahesabu wiki za kliniki. Anahitaji kwanza mtu wa kuongea naye bila kuhukumiwa.

Kuchelewa kuna gharama yake. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kuhisi wamechelewa siku zao. Asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na hufaa zaidi ikianzwa kabla ya kushika mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, na hicho hupangiwa na daktari.

Vidonge vya kuongeza damu hutolewa, lakini havimezwi. Tatizo ni nini?

Tuingie chumba cha kliniki. Foleni ni ndefu, mhudumu ameinamia kadi.

“Dada, vidonge unameza?”

“Nameza.”

Alama ya vema inawekwa, anaitwa anayefuata. Nyumbani, pakiti imebaki karibu vilevile. Dada huyu aliacha siku alipoona choo chake kimekuwa cheusi akadhani anavuja damu tumboni. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba madini ya chuma hugeuza rangi ya choo, na kwamba hilo halina madhara. Wala hakuna aliyemwambia la kufanya na ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, au choo kigumu kinachofuata.

Sasa geuza swali: “Vidonge hivi huwasumbua wengi. Wewe vimekusumbuaje?” Swali la kwanza lilikuwa na jibu moja tu la heshima. Hili la pili linamruhusu kusema kweli. Akisema, kuna mengi ya kumpa: ameze pamoja na chakula au kabla ya kulala ikiwa vinamchafua tumbo, asimeze pamoja na chai au kahawa kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo, ale matunda yenye vitamini C, anywe maji zaidi. Ikishindikana kabisa, mhudumu anaweza kubadilisha aina au mpangilio wa dozi. WHO inapendekeza miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku, na upungufu wa damu ni jambo la kulichukulia kwa uzito: mwenye damu kidogo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua anakuwa hana akiba.

Kama unaandaa huduma ya wajawazito na unaweza kubadilisha jambo moja tu, badilisha namna maswali yanavyoulizwa.

Nyumbani, nani ana usemi mkubwa zaidi?

Inategemea nyumba, lakini mara chache ni mjamzito peke yake. Mume anaweza kuwa ndiye anayeshika fedha na kuamua safari. Mama mzazi au mama mkwe ndiye anayeonekana kuwa na elimu ya uzazi, maana yeye ameyapitia. Anaposema, “Mimi wote niliwazaa bila kidonge hata kimoja,” hasemi kwa ubaya. Anasimulia alichokiona, na mimba zilizoharibika au majirani waliofariki wakijifungua hawamo katika simulizi hiyo.

Kumpinga mama mkwe mbele ya mkaza mwana wake hakusaidii. Mwenye kubaki kati ni mjamzito. Kinachosaidia ni kumkaribisha. Aje kliniki siku moja, asikilize mapigo ya moyo wa mjukuu, aelezwe sababu ya kila kipimo, aulizwe na yeye ana wasiwasi gani. Mara nyingi anayedhaniwa kuwa kikwazo hugeuka kuwa msimamizi mkali wa vidonge kuliko muuguzi.

Mume naye asiishie kutoa nauli. Akiacha sigara au akavutia nje mbali, akichukua kazi nzito za nyumbani, akikumbuka tarehe ya kliniki, tabia ya mkewe hubadilika bila hotuba. Ila mhudumu asimlazimishe mwanamke kuja na mwenza. Wapo ambao usalama wao ni kuja peke yao.

Ni kweli mjamzito ale kwa ajili ya watu wawili?

Hapana, si kwa wingi huo. Miezi mitatu ya kwanza mwili kwa kawaida hauhitaji nishati ya ziada. Katika miezi mitatu ya kati hitaji huongezeka kwa takriban kilokalori 340 kwa siku, na katika miezi mitatu ya mwisho takriban 450. Kinachohitajika zaidi ni ubora: protini, madini ya chuma, iodini, kalsiamu, mboga na matunda. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009 unataja ongezeko la uzito la kilo 11.5 hadi 16 katika ujauzito mzima kwa aliyeanza na uzito wa kawaida. Mwembamba anahitaji zaidi kidogo, mnene pungufu.

Ulaji wenyewe unaamuliwa na mambo ambayo hayaandikwi kwenye mwongozo. Kichefuchefu humfanya mtu ale kile kinachokaa tumboni, na hapo hana haja ya kulaumiwa. Ale kidogokidogo, mara nyingi. Akitapika kiasi cha kushindwa kunywa maji, hiyo si hali ya kuvumilia, aende akatibiwe. Na pale chakula kinapokuwa hakitoshi nyumbani, mwanamke mara nyingi ndiye anayejipunja ili watoto washibe. Kumhubiria mtu huyo mlo kamili bila kuuliza chakula kinapatikanaje ni kumwongezea huzuni.

Anatamani udongo, chaki au barafu. Afanyeje?

Aseme kliniki, bila aibu. Hamu ya namna hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo apimwe damu. Udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi.

Pombe kidogo ina ubaya?

Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama wakati wowote wa ujauzito, kwa hiyo ushauri ni kutokunywa kabisa. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Madhara yake makubwa, yanayogusa sura, ukuaji na ubongo, yalielezwa na madaktari wa Seattle, Marekani, mwaka 1973. Daktari Mfaransa, Paul Lemoine, alikuwa ameyaandika mwaka 1968.

Wengi huwa wamekunywa kabla ya kujua kwamba wana mimba, kisha hubeba hatia hiyo kimyakimya. Kama ni wewe, acha leo na umwambie mkunga. Kuacha wakati wowote kuna faida. Lakini kama mwili umeshazoea pombe kila siku na ukikosa unatetemeka, usikate ghafla peke yako. Hiyo inaweza kuwa hatari, na inahitaji usimamizi wa daktari.

Na kahawa?

WHO inashauri anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani kinataka iwe chini ya 200. Kumbuka chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini.

Mazoezi yanafaa, au atulie?

Kwa mjamzito ambaye daktari hajamkataza kwa sababu ya tatizo fulani, mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa mwendo wa kuweza kuongea kunatosha. Wengi huacha kwa kuogopeshwa kwamba mimba itatoka, na hofu hiyo huletwa na watu wanaompenda.

Ila ushauri huu usitolewe kwa kila mtu kwa sauti ileile. Anayeshinda amesimama kazini, anayebeba mizigo, anayefua na kupika akirudi, hakosi mwendo. Anakosa kiti na usingizi. Kwake, zoea la afya ni kupumzika, na linamtegemea msimamizi wake wa kazi kuliko linavyomtegemea yeye.

Hali ya akili inahusikaje na tabia?

Inahusika kuliko tunavyokiri. WHO inakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wajawazito duniani wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zenye kipato kidogo kiwango ni kikubwa zaidi. Mwenye sonona hukosa hamu ya kula, usingizi humpaa, siku ya kliniki inapita akiwa kitandani. Ukimwona kwa nje utasema ni mvivu. Kumwambia ajikaze hakumfikishi popote. Anahitaji kusikilizwa na kutibiwa, na tiba zipo ambazo zinafaa hata akiwa mjamzito.

Lipo pia la ukatili nyumbani. Anayepigwa, anayenyimwa fedha au anayefuatiliwa simu yake huchelewa kliniki na huacha dawa kwa sababu ambazo hawezi kuzitaja mbele ya watu. Ndiyo maana kila mjamzito apate walau dakika chache za kuongea na mhudumu akiwa peke yake.

Je, kumtisha kunasaidia?

Kwa siku chache, pengine. Watafiti wa afya nchini Marekani walikuwa wakilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1950, na walichokiona ni kwamba mtu huchukua hatua akiamini hatari inamhusu, hatua hiyo itamfaa, na vikwazo si vikubwa kuliko faida. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura akalikazia jingine: imani ya mtu kwamba yeye mwenyewe anaweza. Mjamzito aliyejazwa hofu bila kuonyeshwa njia hukwepa. Haji kliniki, asije akaambiwa jingine baya.

Imani ya kuweza hujengwa kwa vitu vidogo. Mwonyeshe mwenzake aliyekuwa katika hali yake akafanikiwa. Mpe hatua anayoiweza wiki hii. Akija na maendeleo, yatambue. Mkunga wa Marekani, Sharon Schindler Rising, alianzisha katika miaka ya 1990 kliniki za vikundi: wanawake kati ya 8 na 12 wenye mimba za umri unaokaribiana hukutana na mhudumu wao kwa saa mbili hivi, hujipima wenyewe presha na uzito, kisha huketi na kuulizana. Swali ambalo mmoja aliliogopa, mwingine analiuliza.

Dawa nilizokuwa nikitumia kabla ya mimba, niziache?

Usiziache mwenyewe. Hofu ya dawa ina chanzo cha kweli: thalidomaidi, iliyouzwa kuanzia mwaka 1957 na kutumika kutuliza kichefuchefu cha ujauzito, iliondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Lakini hofu hiyohiyo huwafanya wanawake waache dawa za kifafa, pumu, presha, kisukari au VVU, na ugonjwa ulioachwa bila tiba unaweza kumdhuru mama na mtoto kuliko dawa. Baadhi ya dawa, kama valproati ya kifafa, kweli zina hatari na mara nyingi hubadilishwa. Kubadilishwa huko kufanywe na daktari, na ikiwezekana kabla ya kushika mimba. Mitishamba nayo ni dawa. Itaje kliniki kama unavyotaja vidonge.

Mimba ya kwanza na zinazofuata zina tofauti?

Ipo. Wa mimba ya kwanza huwa na muda na shauku, lakini pia wasiwasi. Wa mimba ya tatu anajiamini, ila ana watoto wa kuwaangalia na hana wa kumwachia. Kama mimba zilizopita zilikwenda salama, kliniki huonekana si ya lazima, na hapo ndipo akumbushwe kwamba presha ya ujauzito inaweza kumpata hata ambaye haikumpata mwanzo.

Kuna lililo nje ya uwezo wa familia?

Lipo, na ni kubwa. Marekani ilipolazimisha nafaka zilizosafishwa ziongezwe asidi ya foliki kuanzia mwaka 1998, watoto wanaozaliwa na mgongo wazi walipungua, wakiwemo wa wanawake ambao hawakuwahi kusikia habari za vitamini hiyo. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa kumeza chochote. Kwa upande wa kazi, Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na mjamzito asilazimishwe kufanya kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Mwajiri anayemruhusu mjamzito kwenda kliniki bila kumkata mshahara anabadilisha tabia kuliko mabango mengi.

Dalili zipi hazisubiri tarehe ya kliniki, na kwa nini watu huchelewa hata wakiziona?

Kutokwa na damu ukeni, maumivu makali ya kichwa au kuona maruweruwe, degedege, uvimbe wa ghafla usoni na mikononi, homa kali, maumivu makali ya tumbo, maji kuvuja, kupumua kwa shida, au mtoto kupunguza kucheza. Moja tu inatosha kuondoka nyumbani saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza uko mikononi mwa nyumba. Kaeni mapema, mjamzito mwenyewe akiwepo, mkubaliane nani atamsindikiza, usafiri utatoka wapi, fedha ziko kwa nani, watoto watabaki na nani. Na mkubaliane wazi kwamba mume au mkubwa wa nyumba akiwa hayupo na simu yake haipatikani, mjamzito anaondoka bila kungoja ruhusa.